Jumatano Igoma Iliposikiliza Redio Bubu

Aibu yangu mimi siifichi, maana haifichiki, ukumbi mzima ulikuwepo na wengine walikuwa na kalamu mkononi wanaandika, kwa hiyo leo nikisema haikutokea nitakuwa najiongezea aibu nyingine bure. Nilisimama mbele ya wakubwa wa redio na wenye viwanda, nimevaa kitenge changu kipya cha sikukuu, nikasema kwa mdomo wangu kwamba nimemharibia mjukuu wangu kazi. Tena ni mjukuu yule yule niliyekuwa namtangaza kuanzia Igoma mpaka Usagara kama vile nilimzaa peke yangu bila msaada wa mtu.

Miaka ile ya tisini, mambo yalipoanza kufunguliwa, sisi redio tuliyoijua ilikuwa ile ya serikali tu, unaiwasha unapewa taarifa ya habari na kwaya na mambo ya pamba, unaizima. Mara tukasikia eti mtu binafsi anaweza kufungua redio yake kama anavyofungua duka, na kweli, pale mjini ikafunguliwa Redio Mwaloni, wakaanza kusoma kadi za salamu na matangazo ya vifo na kupiga muziki mpaka tukawa tunasahau sufuria jikoni. Mjukuu wangu Neema, mtoto wa binti yangu marehemu (nimemlea mimi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, ndiyo maana najivuna naye na sitaacha), alikuwa mwandishi wa gazeti moja la kila wiki, na kazi yake ilikuwa kuandika habari za redio tu, nani kafungua, nani kafilisika, nani kamnyang'anya mwenzake mtangazaji. Baadaye kampuni moja ya Dar ikamwongezea kazi ya kuhesabu wasikilizaji. Mimi kanisani nilikuwa nawaambia akina mama, "Mjukuu wangu anahesabu masikio ya Mwanza." Wao hawakuelewa na mimi sikuelewa, lakini nilisema kwa sauti kubwa.

Namna yao ya kuhesabu ilikuwa hivi. Nyumba zinachaguliwa kwa kurukaruka, kila nyumba iliyochaguliwa inapewa kijitabu cha wiki moja, kila siku na ukurasa wake, na kila ukurasa una visanduku vya saa. Ukisikiliza redio fulani saa fulani, unaweka alama ya vema kwenye kisanduku chake. Hukusikiliza, unaacha wazi. Basi. Wenye redio na wenye viwanda wanaingojea hesabu hiyo ili wajue tangazo la sabuni liwekwe wapi na saa ngapi. Walianza na Igoma kwanza, kwa kujaribu, na hesabu hiyo ya Igoma ndiyo ya kwanza Neema kuisimamia mwenyewe. Akiifanya vizuri anapewa Kanda ya Ziwa nzima. Akiiharibu anarudi gazetini, kama hata gazeti litamtaka, maana mwandishi wa habari za redio watu wakishaacha kumwamini, ataandika nini? Aliniambia hivyo hivyo, ananitazama usoni.

Sasa nyumba yangu ikarukwa.

Nilimuuliza imekuwaje, akasema ndugu wa mfanyakazi hahesabiwi, ndiyo sheria, hata yeye mwenyewe haruhusiwi kugawa vijitabu Igoma kwa sababu ni kwao, kwa hiyo atagawa na kukusanya Mwalimu Masanja, yule mwalimu mstaafu, na Neema wiki hiyo atakuwa kisiwani Ukerewe kuandaa hesabu zinazofuata. Akanisisitiza, "Bibi, nakuomba, usiguse kijitabu cha mtu."

Nikasema sawa. Lakini iliniuma. Redio yangu ilikuwa ya betri sita, sauti yake inafika mpaka kwa fundi baiskeli, na majirani wote wa mstari wetu walikuwa wanaisikilizia kwangu, kila mtu na kigoda chake na ungo wake wa mchele. Nyumba yenye redio inarukwa, halafu kijitabu anapewa Mama Kulwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye hana hata saa ya mezani.

Mama Kulwa mwenyewe ndiye alinijia Jumatatu asubuhi, kijitabu amekifunga kwenye pindo la khanga kama tumbaku. Akaniambia, "Mama, hiki nikifanyeje? Kesho niko mnadani na keshokutwa niko mnadani, hizo saa nitazijua saa ngapi?"

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Ningesema mrudishie Mwalimu Masanja, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Nikasema, "Kiache hapa kwenye kabati."

Jioni wakaja wengine wawili. Jumanne wakawa tisa. (Msinicheke, mimi nilisoma elimu ya watu wazima miaka ya Ujamaa mpaka nikapewa cheti, na mtaa mzima ulikuwa unanijia kuandikiwa barua, sasa ningewafukuzaje?) Na mpaka hapo, sema unavyotaka, mimi sioni kosa. Redio ni moja, wao wanaisikilizia kwangu, nikiisikiliza mimi wamesikiliza wao. Kurasa za Jumatatu na Jumanne niliziwekea vema kwenye vijitabu vyote, kila kimoja kwa kalamu, nikawaondolea saa za shambani na saa za sokoni, na mzee mmoja kati yao asiyepata usingizi sikumwondolea kitu. Nilikuwa mwangalifu kuliko karani wa mahakama.

Kosa ni la Jumatano.

Jumanne jioni betri zilianza kuishiwa nguvu, mtangazaji akawa anaongea kama mtu aliyezibwa pua. Nikazitoa, nikaziuma moja moja kwa meno, nikazianika juu ya bati la banda la kuku zipate jua. Jumatano jua halikutoka. Lilikuja wingu zito kutoka ziwani likakaa juu yetu mchana kutwa, betri zikawa baridi kama mawe ya mtoni, na dukani betri zimekwisha mpaka Alhamisi. Majirani nusu walikuwa msibani kwa mzee Ndaki, nusu kwenye shughuli zao. Nikabaki mimi na vijitabu tisa na ukurasa wa Jumatano mweupe.

Ningeacha wazi. Kijitabu chenyewe kilisema hivyo, acha wazi. Lakini nyie hamkukaa darasani kwetu. Kwa mwalimu wetu wa watu wazima, kisanduku kisicho na vema kilikuwa na maana moja, umeshindwa, na mtu mzima mwenye wajukuu anarudi nyumbani na daftari lenye visanduku vitupu kajifunika uso. Kichwani mwangu hivi vijitabu vilikuwa mtihani wa Neema. Vema nyingi, kafaulu. Nitamwachiaje mtoto wa marehemu ukurasa mzima mtupu? Na vipindi vya Redio Mwaloni nilikuwa navijua kwa moyo, alfajiri salamu, saa nne vifo, mchana muziki, jioni salamu tena. Nikafikiri, redio si kama jua? Ipo tu hata kama wewe umejifungia ndani. Nikaweka vema, vijitabu vyote tisa, toka alfajiri mpaka jioni.

Wiki ilipokwisha kila mtu akachukua kijitabu chake, Mwalimu Masanja akapita kuvikusanya, na Jumapili ya wiki iliyofuata Neema, aliyekuwa amesharudi kutoka kisiwani, akaja kula kwangu. Nilimpikia sato. Akaniambia ameanza kuhesabu na Igoma imemshangaza, Redio Mwaloni wanaipenda kuliko alivyodhani, na mimi nikajaa kama chapati juu ya moto, nikamwongezea mchuzi. Halafu akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Bibi, Jumatano ile kulikuwa na nini? Nyumba nyingi zimeacha wazi kutwa nzima, na nyingine chache zimejaa pomoni."

Mtu mwenye akili angesema hapo hapo, tena jikoni, tukiwa wawili tu. Mimi nikasema, "Si msiba wa mzee Ndaki? Watu walikuwa msibani."

Na msiba ulikuwepo kweli, sikudanganya msiba. Neema akachukua kalamu akauandika. Nilimwona akiuandika. Wiki ile ikatoka habari yake gazetini, na jina lake juu, kwamba Igoma ni ngome ya Redio Mwaloni na kwamba hata siku ya msiba mkubwa nyumba nyingine hazikuzima redio. Nilisomewa, maana herufi ndogo za gazeti macho yangu hayaziwezi tena, nikaiacha chai ikapoa. Bado sikujua baya lenyewe, ila nilijua kuna kitu nimekikalia na kinachoma.

Mkutano wa kuwaeleza wakubwa hesabu hiyo ulikuwa Nyamagana, kwenye ukumbi wa hoteli moja, saa nne asubuhi. Wasikilizaji watatu wa Igoma walialikwa ili wakubwa wawaone, na Mwalimu Masanja akamchagua Mama Kulwa awe mmoja wao, na Mama Kulwa akasema haendi mjini kwa wakubwa bila mimi. Kwa hiyo nikaenda. Ningebaki nyumbani nikachambua mboga, lakini mtu akiwa na kitenge kipya huwa hasikii. Tukakaa mstari wa pili. Mbele walikuwa wakubwa watatu ninaowakumbuka vizuri, Bwana Rwegasira meneja wa Redio Mwaloni, Bwana Mabula mwenye kiwanda cha sabuni, na Mama Shirima, bosi wa Neema, kaja kutoka Dar, mwanamke mkavu anayetazama juu ya miwani.

Neema alikuwa amebandika makaratasi makubwa ukutani, amechora nguzo za rangi, kila siku na nguzo yake. Aliongea vizuri mno. Mimi sikuwa naelewa, lakini nilikuwa nawageukia watu wa nyuma nione kama wanaelewa kwamba huyu ni wangu. Alipofika Jumatano, ambayo nguzo yake ilikuwa fupi kuliko nyingine, akaeleza habari ya msiba. Bwana Mabula akanyoosha mkono.

Aliongea polepole. Alisema, "Binti, hebu nisaidie. Hiyo Jumatano tangazo langu lilikuwa lisomwe mara nne. Halikusomwa hata mara moja. Mtambo wao ulikufa alfajiri, redio ikawa bubu mpaka usiku, na Rwegasira huyu hapa alikuja mwenyewe ofisini kwangu kuniomba radhi. Sasa hawa watu wako wa Igoma walikuwa wanasikiliza nini?"

Bwana Rwegasira alikuwa anatazama viatu vyake. Neema akageukia lile karatasi ukutani, akaitazama ile nguzo yake fupi, na mimi nikaona mgongo wake ukijua. Kisiwani mawimbi ya Redio Mwaloni yalikuwa hayafiki vizuri, angejuaje? (Redio Mwaloni waliomba radhi hewani Alhamisi asubuhi, na mimi betri nilizipata Alhamisi mchana.)

Mama Shirima akavua miwani. Akamuuliza kama kuna mtu wa redio aliyempa chochote. Alimuuliza mbele za watu, kwa Kiswahili safi kisicho na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Neema akasema hapana. Akamuuliza vijitabu hivyo vilijazwa wapi. Neema akasema majumbani. Huko nyuma mtu akasema kwa sauti ya chini, lakini nikamsikia, kwamba wasichana hawa wa magazeti wananunulika kwa chakula cha mchana tu. Mwalimu Masanja naye akasimama kujitetea, jasho linamtoka, na watu wakaanza kumtazama yeye.

Mama Kulwa akanibana paja. Aliminya mpaka nikasikia kucha zake.

Nilishika kiti cha mbele, nikainuka, nikasema, "Shikamooni." (Wengi wao walikuwa wadogo kwangu kwa umri, sijui kwa nini niliwaamkia mimi.) Nikasema, "Vile vijitabu vilivyojaa Jumatano nilivijaza mimi. Mtoto hajui kitu."

Neema akasema bila kunigeukia, "Bibi, kaa chini."

Na hapo ndipo ulipo mkasa wenyewe, maana hawakuniamini. Bwana Mabula alitabasamu, akasema kwa heshima kabisa kwamba anaelewa, bibi yeyote angefanya hivyo kwa mjukuu wake. Wengine wakacheka kwa huruma. Nimekuja kukiri na wananiona nasema uongo kumwokoa mtoto, na kila nikizidi kusema, ndivyo Neema anavyozidi kuonekana mwizi aliyemleta bibi yake amtetee. Nilitaka ardhi ifunguke. Nikamgeukia Mama Kulwa nikamwambia waambie.

Mama Kulwa si mtu wa kuongea mbele za watu, lakini akianza hajui kusimama. Akasema ni kweli, yeye Jumatano alikuwa mnadani anauza ndizi, na kijitabu kilikuwa kwa Mama huyu kwenye kabati pamoja na vya wenzake, na redio yeye hana. Mama Shirima akamuuliza, huna redio kabisa? Akasema kabisa. Mama Shirima akamuuliza kwa nini basi alimwambia Mwalimu Masanja anayo.

"Aliniuliza, mnasikiliza redio? Nikamwambia tunasikiliza. Redio yetu si ni ya Mama huyu?"

Kicheko cha safari hii hakikuwa cha huruma. Mama Shirima peke yake hakucheka. Aliniita mbele, akanipa kalamu nene ya rangi, akaniambia niweke vema kwenye karatasi tupu ukutani, nyingi, haraka haraka, bila kufikiri. Nikaweka. Vema zangu zina mkia mrefu unaopanda mpaka kisanduku cha juu, ndivyo nilivyofundishwa, na siwezi kuziweka vinginevyo. Akafungua vijitabu kimoja kimoja, akawapitishia watu wa mstari wa mbele. Mimi nimesimama pale na kalamu, mgongo kwa ukuta, mwanamke mzima niliyezika mume na binti, napitishwa mkono kwa mkono kama mwanafunzi aliyenakili. Bwana Mabula alitazama kijitabu, akatazama ukuta, akaniuliza taratibu kwa nini nilifanya hivyo.

Nikamwambia nilidhani ni mtihani wake. Nikasema sikutaka afeli.

Hakuna aliyecheka hapo. Afadhali wangecheka.

Mama Shirima alisema maneno machache. Hesabu yote ya Igoma inatupwa, si vile tisa tu, yote. Neema ataandika gazetini, kwa jina lake, kwamba alikosea na alikosea vipi. Halafu ataanza upya, na habari ya Kanda ya Ziwa itazungumzwa baada ya hapo, kama itazungumzwa. Neema akasema ndiyo mama, akaanza kubandua makaratasi yake ukutani, moja moja, akiyakunja vizuri kama vile yatatumika tena. Nilitaka kumsaidia kukunja. Akanitazama mara moja tu, na mimi nikashusha mikono.

Aliandika kweli. Nilisomewa na Mwalimu Masanja, kibarazani kwangu, redio nimeizima. Aliandika kwamba alipoona Jumatano haieleweki angekwenda kuuliza redio kwanza, na badala yake alimuuliza mtu wa nyumbani kwao. Hakunitaja kwa jina. Mtaa mzima ukajua ni mimi, hata waliokuwa hawasomi magazeti wakayatafuta.

Hakuja kwangu majuma mengi. Mwisho alikuja Jumapili moja mchana, akanisalimia kama kawaida, shikamoo Bibi, nikasema marahaba ng'wanawane, mwanangu. Alikula akamaliza. Akanawa mikono. Ndipo akasema, "Bibi, ungeniachia tu wazi. Kurasa zote zikiwa wazi, ndipo ningegundua kwamba mtambo wao ulikufa."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazini.

Kanda ya Ziwa alikuja kupewa, lakini si mwaka ule. Alianza Igoma upya kwa miguu, na mtu mwingine kutoka Dar akimfuata nyuma kumkagua, nyumba kwa nyumba, na walipopita kwangu hawakugonga. Baadaye akawa mtu wa kuitwa Bukoba, Musoma, Shinyanga, na redio zilipozidi kufunguliwa wakawa wanamwogopa, maana swali lake la kwanza kwa meneja yeyote ni siku zipi hamkuwa hewani, na hahesabu kitu mpaka ajibiwe. Nikisikia hivyo nafurahi na kuona haya kwa wakati mmoja, na bado namtangaza kanisani, ila siku hizi nasema kwa sauti ya kawaida.

Mimi kalamu ya mtu mwingine sishiki tena. Mwaka juzi alikuja dada mmoja na fomu zake mtaani, Mama Kulwa akapiga hodi kwangu, fomu ameifunga pindoni vile vile kama kile kijitabu, nikamwambia ajaze mwenyewe au aache hivyo hivyo, mimi nakwenda kuteka maji. Na nilikwenda, ingawa maji yalikuwepo. Hesabu ile ya pili ya Igoma, Redio Mwaloni walipata wasikilizaji wangapi, mpaka leo sijui. Neema hajaniambia, na mimi sijamuuliza, na sitamuuliza.